Kiti cha Ndugu katika Nchi ya Tamkoni

Nchi ya Tamkoni haikuandikwa katika ramani yoyote, lakini wenyeji wake hawakuona upungufu wowote katika jambo hilo, kwa kuwa waliamini kwamba ramani ndizo zilizopungukiwa. Upande wa mashariki ilipakana na milima ya Tafakuri, ambayo watu wake hawakuipanda. Upande wa magharibi ilipakana na bonde la Dhiki, ambalo hawakulishukia. Na katikati yake ulipita mto Neema, uliompa kila mtu maji bila kumwuliza jina. Mji wake mkuu uliitwa Bashasha. Nyumba zake zilipakwa chokaa nyeupe, njia zake zilifagiwa asubuhi na jioni, na kengele ya Kanisa Kuu ilisikika hata kwenye mashamba ya mtama nje ya lango. Watu wa Tamkoni walikuwa Wakristo tangu enzi za babu wa babu zao, na katika mambo yote ya imani waliyoyashika, hakuna walilolishika kwa fahari kama undugu.

Neno hilo lilikuwa chumvi ya mazungumzo yao yote. Mchuuzi aliyepunja kipimo alimpunja ndugu mnunuzi; mnunuzi alipogundua alimwita ndugu mwizi; na askari aliyekuja kuwaamua alisema, "Ndugu, lete mikono nikufunge kamba." Mabwana waliwaita watumishi wao ndugu wakati wa kuwatuma, na wakawaita hivyo hivyo wakati wa kuwafukuza. Aliyelisahau neno hilo katika salamu alihesabiwa mtu asiyefunzwa adabu, na aliyelitia katika kila sentensi alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Ulimi hauna mfupa, na ndimi za Tamkoni zilikuwa zimelainishwa tangu utotoni.

Lakini fahari kubwa zaidi ya nchi ile ilikuwa Kiti cha Ndugu. Asili yake ilikuwa njema, kama asili za mambo mengi yaliyoharibika baadaye. Zamani sana aliishi Tamkoni mtu mmoja aliyeitwa Shemasi Ukunjufu, mtu wa maneno machache na mlango usio na komeo, ambaye aliwafundisha watu kwamba, kwa kuwa wote walikuwa na Baba mmoja mbinguni, haikuwafaa kula wameenea mezani hata pasiwe na nafasi ya mwingine. "Kila mlapo," aliwaambia, "acheni kiti kimoja kitupu, maana yuko ndugu yenu njiani ambaye hamjamwona bado." Watu wakatii. Wakachonga vigoda vya mninga, vyepesi na imara, wakaviweka mezani, na katika miaka ile havikukaa vitupu muda mrefu. Mpita njia alikaa, yatima alikaa, hata mgomvi wa jana alikaa, akamegewa tonge.

Shemasi alipofariki, watu walimlilia, na kwa kumlilia wakakiheshimu kiti chake. Mmoja akakitia mto wa pamba. Jirani yake, asikubali kushindwa katika utauwa, akakitia mto wa hariri. Wa tatu akakichonga maua na malaika, wa nne akakipamba kwa pembe, na wa tano akakipaka dhahabu, kisha akakizungushia kamba nyekundu ili watoto wasikiguse. Miaka ilivyokwenda, vigoda vikawa viti, viti vikawa viti vya enzi, navyo vikajaa vyumba hata wenye nyumba wakala wamesimama jikoni. Palikuwa na mtu mmoja mtaa wa Ridhaa aliyeuza kitanda chake ili anunue zari la kufunika Kiti cha Ndugu, naye akalala sakafuni kando yake, akikohoa kwa unyevu na kumshukuru Mungu kwa moyo wake wa ukarimu. Hatimaye ikatungwa sheria. Kiti cha Ndugu kikatangazwa kuwa kitakatifu, na mtu yeyote atakayekikalia, au atakayemkalisha mwingine juu yake, akawa mkosaji wa undugu wote wa Tamkoni.

Mbele ya kila kiti iliwekwa sahani ya chakula kila jioni, tena yenye mnofu ulionona kuliko yote. Kwa kuwa hakuna aliyekila, na kwa kuwa hakikufaa kuliwa na wasiostahili, asubuhi kilimwagwa mtoni kwa wimbo mzuri wa kuaga. Samaki wa mto Neema walinenepa kuliko maskini wa Bashasha. Na mgeni alipofika mjini akiwa na njaa, watu walimpokea kwa shangwe, wakamwingiza ndani, wakamwonyesha kiti kile nyuma ya kamba nyekundu, wakasema, "Tazama, ndugu, jinsi unavyopendwa hapa!" Wengine walilia machozi ya kweli wakati wa kumwonyesha. Kisha wakamsindikiza hadi mlangoni kwa baraka, naye akaenda kulala chini ya meza za soko.

Wakati wa kisa hiki, Mlinzi wa Viti katika nchi nzima alikuwa bwana mmoja aliyeitwa Taadhima. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na sauti ya kusomea waumini. Na kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba hadi nyumba akikagua viti, akisifu dhahabu na kukemea vumbi. Alikuwa na dada mmoja tu, Shufaka, mdogo wake waliyenyonya naye ziwa moja, ambaye alifiwa na mumewe kabla hawajajaliwa mtoto. Taadhima alimpenda dada huyu kwa dhati. Wazazi wao walipokufa ndiye aliyemlea, akamchania nywele kwa mikono isiyojua kuchana, na akamwoza kwa heshima. Hapakuwa na Jumapili asiyopita kwake kumjulia hali, ingawa aliingia akitazama kiti kwanza ndipo akamtazama dada.

Mwaka mmoja, wakati wa kipupwe, mvua isiyo ya kawaida ilinyesha Bashasha mfululizo, hata maji yakaingia nyumbani mwa watu. Katika mvua hiyo alifika mtu mmoja aliyetoka bonde la Dhiki, jina lake Baidi. Nyayo zake zilikuwa na vidonda, homa ilikuwa imempanda, na lugha ya Tamkoni aliisema kwa kuitafuta neno baada ya neno. Alibisha mlango wa kwanza, akaonyeshwa kiti, akabarikiwa. Alibisha wa pili, akaonyeshwa kiti kizuri zaidi. Alipita mtaa mzima hivyo, akizidi kubarikiwa na kuzidi kutetemeka, mpaka alipofika mlangoni pa Shufaka, ambapo alianguka kabla hajabisha.

Shufaka alisikia kishindo, akatoka, akamwona. Haikumjia hoja yoyote ya dini wakati ule. Alimwona mtu mgonjwa amelala matopeni, akamshika makwapani na kumvuta ndani. Nyumba yake ilikuwa na maji hadi vifundoni. Viti vyake vya kawaida alikuwa ameviuza zamani, kama wajane wengine wa mji, ili akitie Kiti cha Ndugu dhahabu kama alivyoagizwa na kaka yake. Na kitanda chake cha kamba kilikuwa kimelowa kwa paa lililovuja juu yake. Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu humo ndani, nacho kilikuwa kimeinuliwa juu ya jukwaa, nyuma ya kamba nyekundu, kimewekewa sahani ya wali na samaki.

Akakitazama, akamtazama mtu yule. Kisha akaikata kamba kwa kisu cha jikoni, akamkalisha Baidi juu ya hariri, akamfunika kwa zari, na kumlisha wali ule kidogo kidogo kwa mkono wake. Matope yalichuruzika juu ya maua na malaika. Baidi alikula, akafumba macho, akalala usingizi akiwa ameketi, na Shufaka akasimama ndani ya maji akimtegemeza kichwa kisianguke.

Jirani yake, Bi Udadisi, alichungulia dirishani kuuliza kama kiti kimesalimika na mvua. Alichokiona kilimfanya apige yowe lililowatoa watu majumbani, na baada ya muda mfupi kengele ya Kanisa Kuu ilikuwa inapigwa kama ya moto.

Taadhima alifika amelowa chepechepe. Aliufunga mlango nyuma yake ili watu wasisikie, akasimama akimtazama mgeni aliyelala.

"Shufaka, dada yangu," alisema, "umefanya nini?"

"Nimempa mgonjwa mahali pa kukaa, kaka."

"Hukuwa na mahali pengine?"

"Nionyeshe wewe pengine, nami nitamhamisha sasa hivi."

Taadhima alitazama huku na huku, akaona maji, akaona jukwaa, akaona kitanda kinachodondokewa na maji ya paa. Akamsogelea dada yake na kushusha sauti.

"Sikiliza basi. Watu wameona mtu kitini, lakini hawakuona alifikaje. Sema kwamba alikikalia mwenyewe wakati wewe ukiwa jikoni. Yeye ni mgeni. Atachapwa viboko kidogo na kutolewa nje ya lango, na mgeni amezoea kuwa nje ya lango. Wewe utaosha kiti, tutakiombea, na mambo yatakwisha. Lakini ukisema ulimkalisha kwa mikono yako, utavuliwa undugu. Hakuna atakayekupa moto wala maji. Hakuna atakayekuamkia. Ukifa, hakuna atakayekuzika. Na unajua sheria inamtaka nani akutamkie maneno ya kukukana."

"Namjua," alisema Shufaka. "Sheria inamtaka aliyenyonya ziwa moja nami."

"Basi nihurumie mimi, kama hujihurumii wewe."

"Kaka, huyu mtu hana nguvu ya kubeba kiboko hata kimoja. Nilimkalisha mimi. Siwezi kumwokoa na mvua halafu nimtupe kwenye fimbo."

Hukumu iliitishwa katika ua wa Kanisa Kuu mvua ilipokatika na homa ya Baidi ilipopungua kiasi cha kumwezesha kusimama. Watu walikuja kutoka kila mtaa wakiwa wamevaa mavazi ya ibada. Hakimu alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Dhahiri, mwanachuoni aliyesifiwa kwa kuamua mambo upesi, kwa sababu hakutazama nyuma ya kile kilichoonekana. Mshitaki, kwa mujibu wa cheo chake, alikuwa Mlinzi wa Viti mwenyewe; naye aliyasoma mashtaka dhidi ya dada yake kwa sauti iliyozoea kusomea waumini, ila safari hii ilikatika mara kwa mara, na watu wakadhani ni mafua.

"Shufaka, ndugu mshitakiwa," alisema Hakimu Dhahiri, "unakubali kwamba ulimkalisha mtu huyu juu ya Kiti cha Ndugu?"

"Nakubali, mheshimiwa."

"Ulikuwa na ithibati gani kwamba yeye ni ndugu? Je, alikuonyesha cheti cha ubatizo? Alikutajia mtaa wake, ukoo wake, au mzee wa kanisa anayemjua?"

"Hakunitajia hata jina lake, mheshimiwa. Meno yalikuwa yanamgongana."

"Hujui, basi, kama ni ndugu au si ndugu."

"Nilijua kwamba ni mtoto wa mtu. Na kama tunayoyakiri kila Jumapili ni kweli, nilijua pia ni mtoto wa Nani. Ndugu hawachaguani, mheshimiwa. Huzaliwa, nawe ukawakuta nyumbani. Kaka yangu hakuniomba cheti nilipozaliwa."

Minong'ono ilipita uani. Hakimu Dhahiri akainua mkono. "Hapa pana kosa la elimu," alisema kwa upole wa mtu anayemsahihisha mwanafunzi. "Kiti kile kimewekwa kwa ajili ya Bwana wetu, atakapokuja kutujaribu katika sura ya ndugu mhitaji. Ndiyo maana tumekipamba kwa kadiri ya utukufu wake. Sasa wewe umempa nafasi ya Bwana mtu mwenye vidonda miguuni. Akija Bwana jioni hii, atakaa wapi?"

"Kama atakuja katika sura ya mhitaji," Shufaka akajibu, "atakuja na vidonda miguuni. Na tukiwafukuza wote wenye sura hiyo kwa kumwekea nafasi, sijui tutamtambua kwa lipi."

Kwa kuwa jambo hilo halikuonekana kwa macho, Hakimu aliliacha, akamgeukia mgeni. "Na wewe, ndugu Baidi, hukuogopa kukalia kiti usichokijua ni cha nani?"

Baidi alisimama akijishika kwenye nguzo. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye uso wa mkulima na macho yasiyo na hila. "Mheshimiwa," alisema, akitafuta maneno, "mimi nilijua ni cha nani. Kila nyumba niliyobisha, watu walinionyesha kiti. Kila mtu alisema, 'Ndugu, hiki ni chako.' Mmoja alilia kabisa, nikamwonea huruma. Mimi lugha yenu siijui sana. Nilidhani watu wakisema hivi, ni hivi."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza. Watu wengi waliinamisha macho na kutazama viatu vyao. Mtu wa mtaa wa Ridhaa, yule aliyeuza kitanda, alikohoa. Na kikohozi chake kilisikika uani kote. Kama hakimu angekuwa mwingine, kesi ingekwisha hapo. Lakini sheria ya Tamkoni ilikuwa imeandikwa kwa wino mzuri, na watu walioona haya waliona haya kila mmoja peke yake, kimya kimya, wala hakuna aliyemwambia mwenzake. Dhahiri akahukumu kwamba kosa limethibiti kwa kinywa cha mkosaji, na kwamba Shufaka avuliwe undugu. Akamwita aliyenyonya ziwa moja naye aje kutamka.

Taadhima alisimama mbele ya dada yake. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili tu, nayo aliyajua, kwa maana aliwahi kuwaongoza wengine kuyatamka. Umati ulimtazama, cheo chake kilimtazama, viti vyote alivyovikagua maishani vilikuwa kana kwamba vinamtazama. Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika, "Sina dada."

Shufaka hakulia mbele yao. Alimtazama usoni. Akamshika Baidi mkono, wakatoka nje ya lango, watu wakiwapisha njia na kuwageuzia visogo kama desturi ilivyotaka. Wakakaa katika kibanda kimoja cha kulindia ndege kandokando ya mashamba ya mtama.

Jioni ile mke wa Taadhima, Bi Staha, aliandaa sahani ya mnofu na kuiweka mbele ya kiti chao, ambacho kilikuwa kizuri kuliko vyote nchini. Taadhima alikitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amekifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe tangu ujana, na alikijua kila ua na kila malaika. Lakini hakuwahi kuona jinsi kilivyokuwa kitupu. Aliona uchungu, akaona aibu, na juu ya yote alimkosa dada yake, kwa namna nyepesi kabisa mtu anavyomkosa mtu: alitaka kusikia sauti yake.

Jumapili alikwenda kanisani, akaketi mahali pake pa mbele. Nyimbo aliziimba. Masomo aliyasikiliza. Ilipofika Sala ya Bwana alisimama na waumini wote, akaanza kwa ile sauti yake kubwa iliyoongoza wengine, "Baba yetu," na hapo akakwama. Alijaribu tena, akakwama pale pale. Wakati waumini wakiendelea, yeye alibaki amesimama na maneno yale mawili kinywani, akihesabu katika moyo wake ni nani na nani waliomo ndani ya lile 'yetu'. Yumo yeye. Yumo Shufaka, kwa maana Mungu hakuitwa uani siku ile kutamka kwamba hana binti. Na kama yumo Shufaka, yumo na yule mwenye vidonda. Hakuweza kulisema neno lile bila kuwarudisha, wala hakuweza kuwatoa bila kujitoa mwenyewe. Akaweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi, akapita katikati ya kanisa mbele ya macho ya wote, na Meza ya Bwana ilikuwa bado haijaandaliwa alipotoka mlangoni.

Alipofika kwenye kibanda, Baidi alikuwa ameketi juu ya mkeka, akipukuchua mtama waliookota shambani, na Shufaka alikuwa akikoroga sufuria ya uji wa mchana. Aliinua macho, akamwona. Hakusimama.

"Nikusaidie nini, bwana?" aliuliza.

Neno hilo, bwana, lilimchoma Taadhima kuliko tusi. "Shufaka," alisema, "nimekuja kwa sababu siwezi kusali."

"Ulisema huna dada."

"Nilisema."

"Mbele ya watu wote. Uliponichana nywele mara ya kwanza nilikuwa nikilia, ukaniambia nisiogope, ninawe wewe. Siku ile uani niliogopa, nikakutafuta kwa macho, nikakuona pale pale ulipokuwa umesimama, nawe hukuwapo. Sina la kukupa, bwana. Bado nina hasira nawe, na sitaki kukudanganya."

Taadhima aliinamisha kichwa. Hakuomba kusamehewa haraka, maana alijua hakustahili haraka. Alisimama tu mlangoni na joho lake la ibada, pasipo kujua kama aondoke au abaki. Na wala hapakuwa na kiti cha kukalia ndani ya kibanda kile. Hapo Baidi, aliyekuwa ameacha kupukuchua, alijisogeza hadi mwisho wa mkeka, mgongo wake ukagusa ukuta wa mabua, akapigapiga kwa kiganja ile nafasi aliyoiacha.

"Kaa hapa, ndugu," alisema. "Mkeka mdogo. Kunja miguu kidogo, tutatosha."

Mlinzi wa Viti alivua viatu, akakunja joho, akaketi chini bega kwa bega na mtu ambaye yeye mwenyewe alitaka achapwe viboko badala ya dada yake. Baidi alinuka moshi na dawa ya vidonda. Shufaka aliteka uji katika kata, akampa wa kwanza mgeni wake, kisha, baada ya kusita, akateka mwingine na kuuweka mbele ya kaka yake. Taadhima aliunywa, machozi yakimtoka, wala hakujaribu kuyaficha. Mchana ule alishika fungu la mtama na kupukuchua, vibaya, punje zikiruka hovyo, na Baidi akamwonyesha namna ya kushika suke. Na jioni, alipoulizwa kama hatarudi mjini, alijibu kwamba atamfuata mkewe baadaye, lakini usiku huo atalala hapo kama hawatamfukuza. Hawakumfukuza. Shufaka alimtupia kanga moja ya kujifunika, akageukia ukuta.

Huko Bashasha, Hakimu Dhahiri alikwisha pata habari kwamba Mlinzi wa Viti amekula na waliovuliwa undugu, na sheria ilimtaka naye avuliwe. Mashahidi walikuwa tele, joho la cheo lilikwisha tayarishiwa mrithi, na ua wa Kanisa Kuu ulikwisha fagiwa. Lakini hukumu haikamiliki mpaka atamke aliyenyonya ziwa moja na mkosaji. Wakatafuta katika ukoo wote, wakaona yuko mmoja tu, naye hakuwa mwingine ila mwanamke yule waliyemtoa nje ya lango. Wanachuoni walijadiliana asubuhi nzima kama asiye ndugu anaweza kumkana ndugu, wakaona hakuna njia nyingine. Wakampeleka tarishi, mzee mmoja mnene aliyeitwa Mjumbe Tiifu, akamwambie Shufaka kwamba, akikubali kuja uani kutamka maneno mawili dhidi ya kaka yake, mji utamrudishia undugu wake, nyumba yake, moto na maji na salamu na kaburi.

Tarishi aliwakuta wanakula. Palikuwa na ugali wa mtama na mboga za majani katika chungu kimoja, na mikono mitatu ilikuwa ikiingia na kutoka. Alisimama mlangoni akihema kwa mwendo, akautoa ujumbe wake wote kwa mpangilio, bila kuongeza wala kupunguza. Alipomaliza, Taadhima aliweka tonge lake chini. Hakumtazama dada yake usoni, kwa kuwa hakuona ana haki ya kumwomba lolote. Alitazama chungu, akangoja.

Shufaka alikumbuka nyumba yake, na mtungi wake wa maji, na majirani waliokuwa wakimwamkia asubuhi. Na hasira yake ilikuwa bado iko hai ndani yake, wala haikuwa na sababu ya kufa siku moja. Kisha akamega tonge, akalichovya, akala, akameza.

"Rudi ukamwambie Hakimu," alisema, "kwamba kaka ninaye. Ni huyu hapa, na sasa hivi anakula." Akamsukumia Taadhima chungu karibu zaidi, akamwangalia tarishi aliyesimama juani, jasho likimtiririka. "Nawe umetembea mbali, baba. Nawa mikono kwanza, ndipo urudi. Baidi, msogelee kaka hapo, ndugu yetu apate pa kukaa."